Sandarusi Chini ya Rangi

Siku kabati lile lilipoletwa Keko juu ya mkokoteni, mafundi wa karakana za jirani waliacha randa zao wakaja kulitazama. Halikuwa zuri, tusidanganyane. Lilikuwa refu kumpita mjomba, jeusi-jeusi, lina milango miwili na droo tatu chini, na kitasa chake cha shaba kilikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyofutika nusu. Mwenyewe, mama mmoja wa makamo, alikuwa kalinunua mnadani vilipokuwa vikiuzwa vyombo vya nyumba ya zamani. Akatoa simu yake, akatuonyesha picha.

"Nataka liwe hivi, fundi."

Pichani palikuwa na kabati jeupe. Lakini weupe wenyewe si huu tuliouzoea sisi, wa kung'aa hadi ukajiona. Ulikuwa umefifia kama chokaa, kingo zimechubuka mpaka mbao ikachungulia, na ndani ya nakshi mlikuwa na kitu cha kahawia, kama uchafu wa miaka hamsini. Kwetu Keko chombo kikifika hali ile ndipo kinaletwa kwa fundi. Huyu mama alitaka kutulipa ili tukifikishe hapo!

Mjomba hakucheka. Aliikodolea macho picha, akarudisha simu. "Rangi nyeupe isiyong'aa, kingo zipigwe msasa, halafu nta ya kahawia juu. Tumeelewana, mama." Wakapatana bei. Mama alipoondoka, akanigeukia: "Mjomba, chukua msasa, anza na milango." (Mimi ni mpwa wake, lakini kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, mjomba kwa mjomba.)

Nikauchukua msasa. Mkono ukakataa. Kwa nini ulikataa nitakueleza, ndugu msomaji, lakini hebu twende polepole, maana kisa hiki kina mizizi mirefu kuliko kabati lenyewe.

Kwanza usidhani mtindo ule ni wazimu wa mama yule peke yake. Nimeufuatilia. Huko Ulaya ya kaskazini, watu wa kawaida walitengeneza samani zao kwa msonobari, mbao laini na ya bei ndogo, kisha wakaipaka rangi, kwa kuwa mbao yenyewe haikuwa ya kuringia. Sweden nako, enzi za mfalme Gustav III aliyetawala tangu 1771 hadi 1792, hata wakubwa walipendezwa na samani za rangi hafifu, za kijivu na nyeupe. Miaka ikapita. Ilipofika miaka ya 1960 na 1970, vijana wa Uingereza wakaja na lao: wakayatumbukiza makabati ya bibi zao katika mapipa ya dawa kali ya kubandua rangi, mbao ikabaki uchi, wakasema hiyo ndiyo asili yake. Kumbe aliyeitengeneza hakukusudia hata siku moja ionekane uchi.

Halafu upepo ukageuka tena. Mwaka 1989 mwanamke Mwingereza aitwaye Rachel Ashwell alifungua duka Santa Monica, California, akiuza samani kuukuu zilizopakwa rangi na kuchakaa. Mwaka uliofuata, 1990, Mwingereza mwingine, Annie Sloan wa Oxford, akabuni rangi inayofanana na chokaa ikikauka, inayoshika juu ya mbao ya zamani bila kuhitaji msasa mwingi. Juu yake hupakwa nta. Nta isiyo na rangi hulinda, na nta iliyotiwa rangi ya kahawia huingia katika nyufa na nakshi ikakaa humo, ndipo chombo cha leo kikaonekana cha juzi, na cha juzi kikaonekana cha mtondogoo.

Unauona mchezo? Babu kapaka, mjukuu kabandua, kitukuu kapaka tena na kuchubua kidogo ili ionekane ni babu ndiye aliyepaka. Na sisi tusijitoe. Pwani hii nimeona kwa macho yangu mafundi wa masanduku ya misumari ya shaba wakisugua kiwi ya viatu ya kahawia kwenye sanduku lililotoka kwenye randa wiki ile ile, mtalii akaambiwa ni la enzi za Sayyid Barghash. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku hizi naona na cha kale kinyemi, ingawa ni cha juzi.

Turudi kwenye kabati. Mjomba aliponiona nimesimama na msasa mkononi hakunigombeza. Alichukua tambara, akalilowesha spiriti, akalisugua pembeni mwa mlango, mahali pasipoonekana. Tukangoja. Tambara likatoka na vumbi tu.

"Umeona? Hii si polishi," akasema.

Hapa inabidi nieleze kidogo kwa asiye wa kazi hii. Polishi ya mafundi wa zamani, ile ya kupakwa kwa kitambaa kilichoviringwa na pamba ndani, hutengenezwa kwa magamba ya shelaki yaliyoyeyushwa katika spiriti. Shelaki ni utomvu wa mdudu mdogo sana wa India na nchi za jirani zake, anayekaa juu ya matawi ya miti. Kwa kuwa spiriti ndiyo iliyoiyeyusha, spiriti huiyeyusha tena hata baada ya miaka mia. Ukisugua tambara, litatoka na rangi ya chai. Vanishi ya mafuta ni kitu kingine kabisa. Ikishakauka haitambui tena spiriti. Na ile ya kabati ilikuwa ya kale, haikuwa vanishi hii ya makopo: ilikuwa imeiva ikawa nyeusi, imepasuka vipande vidogo vidogo kama ngozi ya mamba.

"Zamani vanishi ngumu za namna hii zilipikwa kwa sandarusi," mjomba akasema. "Labda ya kwetu, labda ya kwingine. Tambara halijui kusoma pasipoti."

Nikaketi juu ya kipande cha gogo. Sandarusi! Neno hilo nililisikia mara ya kwanza kwa bibi, mama yake mjomba, na tangu siku hiyo halijanitoka moyoni.

Sandarusi ni utomvu wa mti. Mti wenyewe ni msandarusi, unaomea katika misitu ya pwani yetu, Kenya mpaka Msumbiji, na Madagascar pia. Utomvu ukidondoka leo huwa laini, wa bei ndogo. Lakini ule uliodondoka zamani sana, ukafukiwa na udongo, msitu ukafa juu yake na majani yakaota, huo hugeuka ukawa mgumu kama kioo, rangi ya asali, mara nyingine na mdudu ndani yake aliyenaswa akiwa hai. Huo ndio ulimwengu uliokuwa ukiutaka. Watu wa Mrima, kuanzia nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam kwenda hadi Rufiji na Kilwa, waliuchimba kwa majembe madogo, katika vishimo visivyo virefu, wakauchekecha kutoka mchangani. Wachimbaji wengine walikuwa watu huru, wengine watumwa. Ukitoka ardhini una ganda la mchanga. Ukioshwa kwa maji ya magadi na kusuguliwa, ganda huondoka, na juu yake hubaki vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa manyoya. Wanunuzi waliitambua sandarusi ya Unguja kwa vipele hivyo.

Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856 na kuchapisha kitabu chake cha safari za bara mwaka 1860, aliandika kurasa kadhaa juu ya biashara hii. Anaeleza kwamba ule utomvu mchanga, wa bei ndogo, watu wa pwani waliuita chakazi, na wafanyabiashara wa kigeni wakalivunja neno hilo likawa "jackass", yaani punda dume. Nilicheka niliposoma. Neno letu likaingia katika vitabu vya wazungu likiwa limevaa masikio ya punda!

Na wanunuzi wakubwa walikuwa akina nani? Mbele kabisa walikuwa Wamarekani wa mji mdogo wa bandari uitwao Salem, jimbo la Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa sahihi 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem huyo huyo, akafika Unguja 1837. Meli zao zilileta kitambaa cha pamba kilichofumwa viwandani kwao, na zikaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Kitambaa chenyewe tukakiita merikani. Bibi alikuwa bado anakiita hivyo hadi anafariki, wala hakujua kama ndani ya neno hilo mna nchi nzima. Sandarusi ilikwenda pia London, Hamburg na Bombay.

Huko ng'ambo mpishi wa vanishi alikuwa mtu wa kuhatarisha maisha. Sandarusi ngumu haiyeyuki hivi hivi. Hutiwa ndani ya chungu cha shaba na kupikwa kwa joto linalokaribia au kupita nyuzi 300, inatoa moshi wa kuchoma macho, mpaka iwe maji. Ndipo hutiwa mafuta ya kitani yaliyo moto, na mwisho, ikishapoa kiasi, tapentaini ya kuilainisha. Akikosea kidogo, chungu kinashika moto na karakana yote inakwenda. Akipatia, anapata vanishi ngumu yenye mng'aro wa kina. Magari ya farasi ya matajiri yalipakwa hiyo ili yastahimili mvua na matope. Samani nazo zikapakwa. Sandarusi ya Unguja ilihesabiwa kuwa miongoni mwa zilizo ngumu kupita zote.

Basi fikiri, ndugu yangu. Kulikuwa na watu Boston na London walioziona sura zao katika mng'aro wa meza zao, na mng'aro ule ulitoka mchangani huku kwetu, kwenye kishimo cha mtu ambaye hawakujua hata jina lake. Nimezisoma kurasa za Burton za sandarusi. Bei zimo, aina zimo, dharau kwa wachimbaji imo. Jina la mchimbaji sikuliona.

Hapo ndipo linapokuja sanduku la bibi, na hapo ndipo ninapoona aibu.

Nilikuwa kidato cha pili. Likizo ikanikuta kwa bibi, upande wa Mkuranga, na sikukuu ya Idi ilikuwa inakaribia. Bibi alikuwa na sanduku la mbao kubwa, la babu yake, amelirithi, anawekea kanga na karatasi za shamba. Lilikuwa limechakaa. Mimi nilikwishaanza kushindashinda Keko kwa mjomba, nikajiona fundi. Nilikuja na rangi ya buluu kopo nusu, iliyobaki kwenye kazi ya mtu, na futi tatu za msasa. Bibi alipokwenda shamba, nikatoa vitu vyake vyote, nikalipiga msasa sanduku nje na ndani, kifuniko juu na chini, nikalipaka. Nilitaka kumfurahisha, Mungu anajua.

Unajua kwamba msasa ni jina la mti kwanza? Ni mti wenye majani ya kukwaruza, na mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa majani yake kabla karatasi ya dukani haijaja ikarithi jina. Nami siku ile niliusugua kweli kweli. Chini ya kifuniko palikuwa na mikato midogo mingi ya kisu, safu kwa safu, mitano mitano. Niliona ni uchafu. Ilinichukua karibu saa nzima kuimaliza.

Bibi alirudi jioni. Akaliona sanduku la buluu linakauka chini ya mwembe, akapiga kigelegele. "Mume wangu kanijengea nyumba mpya!" akasema. Wajukuu wa kiume wote alituita waume zake. Halafu akafunua kifuniko. Akapitisha kiganja ndani yake, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano gizani. Kigelegele kikaisha.

"Zile alama umezitoa?"

"Nimezilainisha, bibi."

Akanyamaza. Kisha akaniambia, wala hakupandisha sauti, kwamba babu yake alikuwa mchimba sandarusi. Hakujua kusoma wala kuandika. Kila frasila aliyopeleka kwa mwenye duka, alikata alama moja kifunikoni, ili siku ya hesabu asidhulumiwe. Frasila ni kama ratili 35, zaidi kidogo ya kilo 15. Bibi mwenyewe akiwa mtoto aliwahi kuzihesabu zote pamoja naye. Nilimuuliza zilikuwa ngapi. Akasema amesahau, kwani hakuwa na haja ya kukumbuka, si zilikuwa zimeandikwa?

Nisikilize wewe unayetaka kuwa mwandishi. Wenye meli wa Salem walikuwa na vitabu vyao vya hesabu. Burton alikuwa na kitabu chake. Babu wa bibi yangu naye alikuwa na kitabu chake, cha ukurasa mmoja, cha mbao. Miaka mia kimedumu. Kimekuja kufutwa na mjukuu wa mjukuu wake aliyesoma shule, kwa msasa wa dukani, usiku wa kuamkia sikukuu. Bibi amekwishafariki. Sanduku lipo, la buluu, na ndani ya kifuniko pamenyooka kama kiganja cha mtoto mchanga.

Ndiyo maana mkono ulikataa.

Nilimweleza mjomba. Kumbe alikuwa anajua siku zote, alishaambiwa na mama yake. Hakunilaumu, ila alisema: "Sasa ulitaka tumwambie mteja asipake rangi kabati lake mwenyewe? Sandarusi yenyewe ilikwisha kwa sababu hiyo hiyo, watu wakapata kitu kipya." Na ni kweli. Sandarusi za Kongo na za miti ya kauri ya New Zealand ziliingia sokoni kwa wingi, kisha katika miaka ya 1920 na 1930 viwanda vikaanza kutengeneza gundi za vanishi maabara, zinazokauka upesi na kwa bei nafuu. Vishimo vya Mrima vikafukiwa na mihogo. Hakuna aliyelia ng'ambo.

Tulimpigia simu mama. Nilimweleza mimi mwenyewe: kwamba huenda uzee anaotaka kuutengeneza tayari upo, uko juu ya kabati lake, na ukipigwa msasa haurudi. Alisikiliza vizuri. Akauliza kama giza lile linaweza kutoka likawa jeupe. Nikasema hapana. Akasema basi lipakwe, sebule yake ni ndogo, anataka mwanga. Ana haki. Nyumba ni yake.

Tukalipaka. Lakini mjomba alinifundisha kitu ambacho nimekibeba hadi leo. Hatukutumia msasa kabisa. Tulilifuta kabati kwa maji ya sabuni kidogo na tambara, likakauka siku mbili. (Na kama chombo cha zamani kina rangi ya zamani, usiisugue kavu kavu: rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu.) Halafu, juu ya ile vanishi kongwe, mjomba akapaka polishi ya shelaki mikono miwili.

"Hii ya nini, na rangi inakuja juu?"

"Hii ni mlango, mjomba. Rangi itakaa juu ya polishi, haitagusa ya chini. Akija mtu miaka hamsini ijayo akataka kuivua, ataanzia na spiriti. Polishi italegea, rangi ataibandua, na atakuta kila kitu kama tulivyokikuta."

Ndipo tukapaka nyeupe isiyong'aa, mikono miwili. Kingo tulizichubua kwa kitambaa kibichi rangi ikiwa bado changa, tukaishia kwenye polishi. Nta tulipika wenyewe: nta ya nyuki, iliyotoka Tabora, fungu moja kwa mafungu matatu ya tapentaini, chombo ndani ya maji moto, mbali na moto wa wazi. Tukatia unga wa rangi ya kahawia mpaka ikawa kama kahawa ya tangawizi. Kwanza nta nyeupe, ili kahawia isizame ovyo, halafu ya kahawia kwa brashi ndani ya nakshi, kisha kufuta, kungoja, na kusugua kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha merikani. Wala hatukupanga.

Lilitoka zuri, nikiri. Mama alifurahi, akatuongezea pesa ya soda.

Kabla halijapakiwa niliingia ndani ya kabati na penseli. Nyuma ya droo ya chini, mahali pasipofikiwa na brashi, niliandika kwa herufi ndogo: chini ya rangi hii pana polishi, chini ya polishi pana vanishi ya zamani, tafadhali tumia spiriti, usitumie msasa. Nikatia tarehe. Nikataka kuandika jina langu, nikasita. Badala yake nikaandika jina la babu wa bibi. Yeye hakuligusa kabati hilo, najua. Lakini jina lake halikuwa limeandikwa mahali popote.

Halafu nikatoa kisu, nikakata alama moja.